Kutoka hesabu za benki hadi ushauri wa mkakati

Tangu benki zifunge milango Goma na Bukavu mwanzoni mwa mwaka 2025, katika makanisa yetu kuna ndugu na dada wengi waliofanya kazi ya mikopo, kasa au uhasibu ambao wamebaki na diploma bila biro. Wengine wameanza kujiita washauri, au konsultan kama tunavyosema. Swali linalorudi mara kwa mara ni hili: mtu wa fedha anaweza kweli kuwa mshauri wa mkakati, au amebadilisha jina tu?

Anaweza, na njia hiyo si mpya. James McKinsey, ambaye jina lake liko kwenye kampuni ya ushauri inayojulikana duniani kote, alikuwa mwalimu wa uhasibu katika Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1922 alitoa kitabu kuhusu bajeti, na mwaka 1926 akaanzisha kampuni yake. Alichoona ni kwamba bajeti si daftari la mambo yaliyopita. Ili kuijaza, kila idara inalazimika kusema itafanya nini mwaka ujao, na hapo ndipo inaonekana kama idara zote zinaelekea upande mmoja. Boston Consulting Group nayo ilizaliwa mwaka 1963 ndani ya benki moja ya Boston.

Lakini kazi zenyewe ni mbili. Tuseme ushirika wa kahawa kule Kalehe umepata hasara misimu miwili. Mhasibu atafungua vitabu, atahesabu kila kilo iligharimu franka ngapi, ataonyesha pesa zilivujia wapi. Bila yeye hakuna cha kuzungumza. Mshauri wa mkakati anaanzia hapo. Je, ushirika uendelee kuwauzia wachuuzi wanaopita vijijini, au ujenge kituo cha kuoshea kahawa na kutafuta wanunuzi wa ng'ambo wanaolipia ubora? Ukijenga, wanachama watakula nini wakingoja malipo? Mchuuzi hutoa pesa mkononi leo. Mnunuzi wa mbali hulipa baadaye. Na barabara je? Majibu hayako yote kwenye vitabu. Yanapatikana kwa kukaa na wakulima, na mchuuzi, na dereva wa lori, kisha kuwaambia viongozi: fanyeni hiki, acheni kile. Kusema "acheni" ndiko kugumu.

Hapo watu wa benki wengi hukwama. Wamezoezwa kutosema neno mpaka hesabu ifunge kabisa. Mshauri hana bahati hiyo. Anakadiria, anaeleza amekadiria kwa msingi gani, na anatoa hukumu huku nusu ya habari ikikosekana. Tena hana saini. Yule aliyekuwa akikubali au kukataa mkopo sasa anapendekeza tu. Msomaji wa Kutoka 18 anamkumbuka Yetro: alitazama jinsi Musa alivyowaamua watu toka asubuhi hadi jioni, akauliza, akapendekeza wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na makumi, kisha akarudi nchini kwake. Utekelezaji ulibaki kwa Musa.

Huku kwetu kazi nyingi za namna hii hutoka kwa mashirika, hospitali na shule, kupitia ile karatasi ya masharti ya kazi tunayoiita TDR. Unajibu kwa ofa mbili, ya ufundi na ya fedha. Ya fedha haitakusumbua. Ya ufundi ndiyo humwangusha mhasibu, kwa sababu inadai aeleze kwa maneno atakavyochunguza jambo, atawahoji nani na kwa nini. Wengine hunakili mpango wa shirika lingine na kubadilisha majina. Nimesoma mmoja uliosahau jina la mji wa kwanza katika ukurasa wa nne. Afadhali kuanza na kituo kimoja kidogo cha afya, kwa malipo madogo, upate kazi moja ya kweli ya kuonyesha.

Na mke au mume aelezwe mapema kuhusu malipo. Mshahara wa mwisho wa mwezi haupo tena. Mara nyingi pesa huja kwa mafungu, na fungu la mwisho hutoka baada ya ripoti kukubaliwa, jambo linaloweza kuchukua wiki nyingi. Soma kipengele hicho kabla ya kutia saini, na uombe fungu la kwanza litoshe angalau safari na chakula cha kazini.