Picha ya karibu inagusa, ya kati ndiyo inaeleza

Ukifika kwenye tukio na simu mkononi, vishawishi ni viwili: kupiga umati wote kwa mbali, au kusogea hadi uso wa mtu ujaze kioo. Inayosahaulika ni picha ya kati, ile inayomwonyesha mtu pamoja na kile anachofanya na walio jirani naye.

Chukua lumbesa ya viazi sokoni Mwanjelwa, Mbeya. Picha ya karibu itaonyesha kamba zilizokaza na viazi vinavyochungulia. Inavutia, ila haisemi gunia ni kubwa kiasi gani. Rudi nyuma hatua mbili, mkulima aonekane kando ya gunia lake. Likimfika kifuani, msomaji mwenyewe ataanza kujiuliza kama hizo kweli ni kilo 100.

Kuna wakati jambo hili ni zito kuliko viazi. Septemba 2, 2012, katika kijiji cha Nyololo, Mufindi mkoani Iringa, mwandishi wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, aliuawa akiwa kazini wakati polisi wakitawanya wafuasi wa Chadema. Picha zilizopigwa na waandishi waliokuwepo zilimwonyesha akiwa amezungukwa na askari muda mfupi kabla ya kifo chake.

Uso peke yake ungeonyesha maumivu tu. Umati wa mbali ungeonyesha vurugu tu. Picha zile zilionyesha nani alikuwa wapi, na nani alimzunguka nani. Mwaka 2016, Mahakama Kuu Iringa ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia.

Hivyo basi, anza na picha ya kati. Ukishaipata, sogea upige ya karibu: mikono, macho, kifaa cha kazi. Kama ni salama, sogea kwa miguu badala ya kuvuta kwa zoom, maana simu nyingi ukivuta sana picha inapoteza ubora. Pasipo salama, baki mbali.

Na kumbuka: picha ya kati unaweza kuikata baadaye ikawa ya karibu. Ya karibu huwezi kuipanua ionyeshe aliyebaki nje ya fremu. Huenda huyo ndiye aliyekuwa habari yenyewe.