Nchi ya siku moja, mechi ya kwanza: Msimu uliozaa soka la Sudan Kusini

JUBA: Julai 10, 2011, bendera mpya ikiwa na siku moja tu tangu ipandishwe, mashabiki walijaa Uwanja wa Juba kuishangilia timu ambayo bado haikutambuliwa na mtu yeyote nje ya mipaka yake. Mgeni wao alikuwa Tusker FC, klabu ya Ruaraka, Nairobi, iliyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka huohuo.

Kwa nini klabu na si taifa? Sababu ni karatasi. Sudan Kusini ilijitangazia uhuru Julai 9, lakini haikuwa mwanachama wa CAF wala FIFA, hivyo haikuweza kucheza mechi rasmi ya kimataifa. Mfanyabiashara wa mpakani anaielewa hali hiyo bila kuelezwa. Ni sawa na kufika Elegu na mzigo mzuri, kisha ukaambiwa usubiri kando kwa sababu nyaraka hazijakamilika.

James Joseph aliwapa wenyeji bao la kuongoza dakika za mwanzo na uwanja ukalipuka kwa shangwe. Furaha haikudumu. Tusker walirudisha, wakaongeza mawili na kuondoka na ushindi wa mabao 3-1.

Siku nane baadaye, Julai 18, nchi ilianza kutoa sarafu yake, pauni ya Sudan Kusini. Katika soko la Konyo Konyo, ambako nyanya, ndizi na unga kutoka Uganda huuzwa kwa Kiarabu cha Juba, Kiingereza na Kiswahili kilichorudi na waliokuwa wakimbizi Kenya na Uganda, wauzaji wakaanza kujifunza hesabu mpya.

Mwaka uliofuata ulikuwa mgumu. Januari 2012 serikali ilifunga visima vya mafuta kutokana na mgogoro na Khartoum kuhusu ada ya kusafirisha mafuta kupitia kaskazini. Mafuta yalikuwa yakiingiza takribani asilimia 98 ya mapato ya serikali. Dola ikaadimika, na aliyeuza bidhaa zake kwa pauni akapata taabu kununua mzigo mwingine Kampala au Nairobi.

Katika ukata huohuo ndipo karatasi za soka zilipokamilika. Februari 2012, mkutano wa CAF mjini Libreville uliipokea Sudan Kusini. Mei 25, FIFA ikafuata katika mkutano wake wa Budapest na kuifanya nchi hiyo mwanachama wake wa 209.

Julai 10, 2012, mwaka mmoja kamili baada ya kipigo cha Tusker, Uganda Cranes walitua Juba kwa mechi ya kirafiki. Safari hii ilikuwa taifa kwa taifa. Timu iliyonolewa na Mserbia Zoran Đorđević iliwabana majirani hao waliozoea mashindano ya Afrika kwa miongo mingi, na mchezo ukaisha kwa sare ya 2-2. Matokeo hayo yakaingia katika vitabu vya FIFA kuwa ya kwanza ya nchi hiyo.

Mwaka huohuo barabara ya Juba hadi Nimule, kilomita 192, ilikamilika kuwekwa lami kwa msaada wa Marekani. Malori yaliyokuwa yakikwama kwenye tope na vumbi yakapata njia, na timu nayo ikaelekea kusini. Novemba ilikuwa Kampala kwenye Kombe la Chalenji la Cecafa. Huko ilikutana na ukweli: ilipoteza mechi zote tatu za kundi lake, dhidi ya Ethiopia, Kenya na wenyeji Uganda.

Kwa hesabu ya pointi, ule haukuwa msimu wa kujivunia. Lakini timu isiyokuwa na jina Julai 2011 ilikuwa na kadi ya uanachama, sare moja na mahali pake kwenye ratiba ya kanda ilipofika mwisho wa 2012.

Desemba 2013 vita vilizuka Juba. Masoko yakafungwa, na wafanyabiashara wengi wa kigeni wakarudi makwao. Hata hivyo Septemba 5, 2015, katika uwanja uleule, Atak Lual alifunga bao pekee dhidi ya Guinea ya Ikweta katika mechi ya kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika 2017. Huo ukawa ushindi wa kwanza wa Sudan Kusini katika soka la kimataifa.

Miezi saba baadaye, Aprili 15, 2016, nchi hiyo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi, majirani ambao timu ile ilianza kuwafahamu kwenye soka la Cecafa, wakawa washirika wake katika soko moja.