Je, Wajua? Bando la Simu au Faiba ya Nyumbani

Je, wajua kwamba hata bando la simu linapita kwenye waya? Hewani ni kipande kifupi tu, kutoka mkononi mwako hadi mnara wa jirani. Kutoka mnarani safari huendelea kwa faiba, au kwa mawimbi ya mnara hadi mnara, mpaka ifike kwenye mkongo na kuzama baharini. Ndiyo maana mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini tarehe 12 Mei 2024, Tanzania, Kenya na Uganda zote zilitikisika, na mwenye bando hakuwa na nafuu kuliko mwenye faiba.

Kabla ya 2009, Afrika Mashariki ilitegemea zaidi satelaiti zilizokaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi lipande, lishuke, jibu lipande, lishuke: karibu nusu sekunde imekwisha kabla hujaona chochote. Mwaka huo mkongo wa TEAMS uliletwa Mombasa kutoka Fujairah, na SEACOM ukawashwa mwezi Julai. Mwaka huohuo Charles Kao alipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia kwa kazi aliyoichapisha 1966, akionyesha kwamba nuru inaweza kwenda mbali ndani ya kioo, mradi kioo chenyewe kisafishwe vya kutosha.

Je, wajua kwamba "Mbps 10" kwenye tangazo si megabaiti 10? Ni megabiti, na biti 8 ndizo hufanya baiti moja. Kwa kasi hiyo faili la GB 1 litakuchukua zaidi ya dakika 13, tena mtandao ukiwa umetulia.

Je, wajua filamu ya saa mbili yaweza kula GB 6? Netflix wenyewe wanakadiria hadi GB 3 kwa saa kwa picha ya HD. Sasa weka nyumbani mama, baba, mtoto wa chuo na wadogo wawili wa katuni.

Hapo ndipo wengi wetu tunapoumia bila kujua. Tunauliza kasi kwanza, wakati swali la kwanza ni vichwa: mko wangapi, na mnaingia mtandaoni saa ngapi? Chukua karatasi, andika kila bando lililonunuliwa na kila mtu wa nyumba kwa mwezi mzima, la siku, la wiki, hata lile la usiku la kumalizia kazi ya shule. Jumlisha, kisha linganisha na ada ya faiba mtaani kwako. Nyumba yenye watu wanne au watano ikifanya hesabu hiyo kwa uaminifu, mara nyingi faiba inashinda, maana bando la mwezi huwa la laini moja na siku zake zikiisha linakufa hata kama lilibaki. Lakini kijana aliyepanga chumba kimoja, anatoka alfajiri na kurudi usiku kulala, asishawishike. Atalipia mtandao wa mchana kutwa usiotumiwa na mtu.

Je, wajua kwamba faiba nayo ni ya kugawana? Katika mfumo ulioenea wa majumbani, uzi mmoja unaotoka kituoni hugawanywa kwa nyumba 32 au 64, nazo hugawana takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde. Mnara wa simu nao hugawanya uwezo wake kwa kila aliye ndani ya eneo lake, wakiwamo wapita njia na abiria wa daladala zilizokwama kwenye foleni. Ukitaka kuujua mtandao wa simu wa mtaani kwako, upime saa mbili usiku. Kipimo cha saa nne asubuhi kitakudanganya.

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe na Lamu zina jambo lake. Ukuta wa matumbawe na chokaa waweza kufika karibu nusu mita kwa unene. Waifai ya gigahezi 5 ina kasi nzuri kwenye chumba ilipo ruta, lakini ikikutana na ukuta huo inafifia. Ya gigahezi 2.4 ni ya polepole ila hupenya zaidi. Basi mtu analipia faiba, ruta iko nyuma ya televisheni sebuleni, chumbani hapati kitu, na lawama zote anapelekewa mtoa huduma. Iweke ruta katikati ya nyumba, mahali pa juu, nje ya kabati. Ikishindikana, vuta waya hadi ghorofani na ufunge ruta ya pili.

Umeme ukikatika je? Kile kigawanyo cha mtaani kinachopeleka nuru nyumba kwa nyumba hakitumii umeme hata kidogo. Kituo kikiwa na umeme, na wewe ukiwa na betri ndogo ya akiba ya ruta, faiba yako inaendelea mtaa mzima ukiwa gizani. Mnara nao una betri zake, lakini giza likiingia kila mtu hukimbilia simu, na ndipo unapozidiwa.

Je, wajua uzi wenyewe ulivyo mwembamba? Kiini chake kina maikromita 9 hivi, chembamba mara kadhaa kuliko unywele. Katapila la kuchimba mtaro likiukata, fundi huuvua ganda, huupangusa kwa spiriti, huukata ncha iwe sawasawa kabisa, kisha hulaza ncha mbili ndani ya mashine ndogo. Cheche ya umeme inaziyeyusha, kioo kinashikana kwa sekunde chache.

Fundi huyo akija kukufungia, mwombe akuonyeshe kipimo cha nuru inayofika kwako. Namba huwa hasi: -20 ni nzuri, ila ikikaribia -27 vifaa vingi vya majumbani huanza kuyumba. Mwambie asafishe viungio au aunge upya kabla hujatia sahihi. Kwenye mkataba usome pia "bila kikomo" ina maana gani kwao, kwa sababu watoa huduma wengi hushusha kasi ukishavuka kiasi fulani cha GB kwa mwezi, na kiasi hicho huandikwa kwa herufi ndogo.