Mabomba ya Bwawa la Samaki, na Jinsi ya Kulijaza Maji

Mkulima anayetaka kufuga samaki mara nyingi hufikiri kwanza juu ya shimo, halafu juu ya mabomba. Yafaa afanye kinyume. Bwawa likivuja, aghalabu huvuja pale bomba lilipopita ukutani, na ukuta ukiisha kujengwa ni taabu kuufukua tena.

Tuchukue bwawa la mita 20 kwa 15, yaani mita za mraba 300. Mpango wa Serikali ulioanza mwaka 2009 ulichimba mengi ya kadiri hiyo, na baadhi yake leo hayana samaki hata mmoja. Likiwa na kina cha mita moja kwa wastani, litachukua lita 300,000.

Basi kabla ya kushika jembe, pima maji yako. Kinga debe la lita 20 penye mfereji, ukiwa na saa mkononi. Likijaa kwa sekunde 20, bwawa litajaa kwa siku tatu na nusu hivi. Likijaa kwa sekunde 100, itachukua siku 17 na zaidi, na wakati huo wote jua na ardhi vinakunywa pamoja nawe. Pima wakati wa kiangazi, si wakati wa mvua. Mvua humfanya kila mtu ajione tajiri wa maji. Tena, katika skimu mfereji mmoja huweza kulisha mashamba mengi. Ukiufunga siku tatu, ng'ombe wa jirani aliye chini watakunywa nini? Patana naye kwanza. Na kama unatoa maji mtoni, uliza habari za kibali kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Bomba la kutoa maji hulazwa kabla ya ukuta kuinuliwa, mahali palipo chini kabisa, likiinama kidogo kuelekea nje. Bomba la plastiki la inchi 4 linatosha. Maji hupenda kufuata ngozi laini ya bomba. Kwa hiyo, katikati ya ukuta, lizungushie kola ya zege au ya udongo wa mfinyanzi uliolowa. Shindilia udongo tabaka kwa tabaka, kila moja isizidi sentimita 20. Usiwe na haraka hapa.

Upande wa ndani, tia elbo na bomba la kusimama. Urefu wa bomba hilo ndio kina cha maji: yakizidi mdomo wake, hutoka yenyewe, na mvua kubwa haitapita juu ya ukuta. Ukuta nao uzidi maji kwa sentimita 30 au zaidi. Elbo usiigundishe kwa gundi, ipake grisi tu, ili siku ya kuvua uliinamishe bomba na bwawa litoke maji. Mdomo ufunge kwa wavu.

Bomba la kuingiza maji liwe juu ya maji kwa sentimita 20. Maji yakianguka huchukua hewa, na samaki hawawezi kupanda na kutoroka. Hapo pia weka wavu wenye matundu madogo kuzuia samaki wa mwitu na vyura, nao usafishwe kila asubuhi.

Sasa jaza. Weka mawe chini ya bomba ili maji yasichimbe sakafu. Yakifika nusu, funga, chomeka kijiti chenye alama, ungoje siku mbili. Bwawa jipya hunywa maji kidogo, hilo si ajabu. Lakini ukiona unyevu nje ya ukuta penye bomba, toa maji yote ukashindilie upya. Ni afadhali upoteze nusu ya maji kuliko bwawa zima na samaki wake.

Likijaa, tia samadi ndani ya gunia pembeni. Baada ya wiki moja au mbili maji yatakuwa kijani. Tumbukiza mkono: kiganja kikipotea machoni maji yakiwa kwenye kiwiko, ni sawa. Kikipotea maji yakiwa kwenye kifundo tu cha mkono, samadi imezidi. Toa gunia na uongeze maji safi.

Vifaranga vya tilapia wawe wawili au watatu kwa kila mita ya mraba, yaani 600 hadi 900. Mfuko wao uelee juu ya bwawa dakika 15 au 20, hata maji ya ndani na ya nje yawe na joto moja, ndipo uufungue polepole.