Fundi anayeajiriwa Rusizi: kibali huombwa lini?

Dereva wa Tanzania anayeshusha mzigo Kamembe na kurudi ameajiriwa kwao, si Rwanda. Lakini fundi wa malori akipata kazi hapo ya zaidi ya siku 90, lazima aombe kibali.

Kanuni za Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 1, 2010, zinampa siku 15 za kazi tangu mkataba ufungwe, siyo tangu avuke mpaka. Hapo ndipo pa kuangalia. Apeleke mkataba na pasipoti. Mamlaka ina siku 30 za kutoa kibali, cha hadi miaka 2 kwa kuanzia. Mke na watoto wanaruhusiwa kumfuata.

Rwanda iliondoa ada ya kibali hicho kwa raia wa jumuiya. Mtu wa kati akidai pesa ya ada, asipewe.