Ajali Haina Kinga? Lugha na Harakati za Kutetea Waendao kwa Miguu na Baiskeli Mijini

Miongoni mwa methali ambazo mtoto wa Kenya huzikariri mapema shuleni ni ile isemayo kuwa ajali haina kinga. Hupamba insha, husemwa matangani, na haikosi kusikika viongozi wanapotuma risala za rambirambi. Neno lenyewe, 'ajali', linaafikiana na methali hiyo. Asili yake ni Kiarabu, ambako 'ajal' ni muda uliowekwa, siku ya mtu iliyokwisha kuandikwa. Na katika Kiswahili cha zamani kusema kwamba ajali ya mtu imefika kulikuwa ni kusema kwamba saa yake ya kufa imewadia. Kwa hivyo mtu aambiapo wenzake kuwa mwanafunzi fulani amepata ajali akivuka barabara, amekwisha kusema, pengine bila kukusudia, kwamba jambo hilo halikuwa na budi kutokea.

Makala haya yanawahusu watu wanaoikataa kauli hiyo, yaani wakazi wa miji wanaodai barabara ambazo mtu aendaye kwa miguu au kwa baiskeli anaweza kuzitumia na kurejea nyumbani salama. Dai lao la msingi ni kwamba kifo cha mpita njia aghalabu kina kinga, na kwamba kinga hiyo huchorwa na mhandisi, hulipiwa na bajeti, na huweza kudaiwa na mwananchi.

Hoja yao huanzia kwenye hesabu isiyohitaji utaalamu mkubwa. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hupita takriban mita 14 katika kila sekunde. Liendalo kilomita 30 hupita kama mita nane. Dereva aliye macho huchukua kadiri ya sekunde moja kutambua hatari na kufikisha mguu kwenye breki. Tuseme mtoto amejitokeza ghafla mita 14 mbele ya gari. Dereva wa kilomita 30, kwa breki nzuri na lami kavu, huweza kusimama mbele ya mtoto huyo. Dereva wa kilomita 50 anapoanza kukanyaga breki gari limekwisha kumfikia mtoto, tena kwa kasi yake yote. Zaidi ya hayo, nguvu ya kishindo haiongezeki sawasawa na mwendo: mwendo ukizidishwa mara mbili, kishindo huzidi mara nne. Katika mfano huu mtoto ni yule yule, na dereva ni mwangalifu vile vile. Kilichobadilika ni mwendo, na mwendo huamuliwa kwa kiasi kikubwa na umbo la barabara. Barabara pana iliyonyooka humwalika dereva aongeze kasi hata kama kibao kinamkataza, ilhali tuta au njia iliyofinywa humlazimu apunguze bila kusihiwa.

Hata hivyo, lugha ya habari zetu huificha barabara. Chukua sentensi ya kawaida gazetini: 'Mtembea kwa miguu alifariki papo hapo baada ya kugongwa na gari lililopoteza mwelekeo.' Kisarufi, gari ndilo mtenda, na ndilo lililopoteza mwelekeo, kana kwamba lina akili ya kupotea. Dereva hayumo. Aliyechora barabara yenye njia nne bila kivuko mbele ya soko hayumo kabisa. Kauli ya kutendwa imefanya kazi yake, na msomaji hana wa kumwuliza swali.

Kuna mahali ambapo fikra hii ilijaribiwa waziwazi. Sehemu ya barabara ya Nakuru kuelekea Eldoret, baina ya Salgaa na Sachang'wan, iliua watu wengi kiasi kwamba wengine walisadiki kuwa ina mapepo, na maombi yakafanywa kando yake. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana huko Migaa na watu 36 wakafa. Baadaye sehemu hiyo ilipanuliwa, na magari yapandayo yakatenganishwa na yateremkayo kwa kizuizi cha zege. Migongano ya ana kwa ana ikapungua. Waliokuwa hatarini hapo ni wasafiri wa magari zaidi ya wapita njia, lakini funzo ni moja: zege lilifanya kazi ambayo hofu ya mapepo haikuifanya.

Watetezi wa barabara salama duniani hupenda kutaja Uholanzi, na wana sababu. Wengi hudhani kuwa Waholanzi walizaliwa juu ya baiskeli. Ukweli ni kwamba baada ya Vita vya Pili vya Dunia miji yao ilianza kubomolewa ili kupisha magari, na mnamo 1971 watu wapatao 3,300 walikufa barabarani katika nchi hiyo ndogo, zaidi ya 400 kati yao wakiwa watoto. Mwandishi wa habari Vic Langenhoff, ambaye binti yake alikuwa miongoni mwa watoto hao, aliandika makala katika gazeti la De Tijd mwaka 1972 chini ya kichwa 'Stop de Kindermoord', yaani 'Komesheni mauaji ya watoto'. Hakuandika 'ajali'. Neno alilochagua ni lile litumiwalo mahakamani kwa mtu aliyeua kwa kukusudia. Lilikuwa neno kali, na pengine lisilo la haki kwa dereva mmoja mmoja, lakini lilihamisha mzigo. Mauaji huwa na mwenye kuulizwa.

Kichwa hicho kikawa jina la chama cha wazazi, ambacho rais wake wa kwanza alikuwa Maartje van Putten. Mbinu zao hazikuwa za ajabu. Walifunga mitaa kwa siku moja ili watoto wacheze, wakatandika meza barabarani na kula pamoja. Walikaa mahali palipotokea vifo. Watoto walikwenda kumwimbia Waziri Mkuu Joop den Uyl nyumbani kwake. Mgogoro wa mafuta wa 1973 uliwasaidia, kwani serikali ilipiga marufuku magari siku za Jumapili na wananchi wakaonja mji mtulivu. Mnamo 1975 kilianzishwa chama cha kitaifa cha waendesha baiskeli. Mwaka uliofuata sheria ikatambua aina ya mtaa iliyokuwa imejaribiwa mjini Delft, ambamo gari huingia kama mgeni na kwenda kwa mwendo wa mtu atembeaye. Katika miaka ya 2010 vifo vyote vya barabarani nchini humo havikufika 700 kwa mwaka wowote, ingawa magari yalikuwa yameongezeka maradufu na zaidi.

Mtu atasema kwamba Nairobi si Amsterdam, na atakuwa amesema kweli. Lakini Nairobi ni mji wa watembeaji kuliko wengi wanavyokiri. Takriban safari nne kati ya kila kumi hufanywa kwa miguu. Kabla jua halijachomoza, misururu ya wafanyakazi hutoka Mukuru na Kibera kuelekea Eneo la Viwanda, wengi kwa kukosa nauli ya matatu. Hawa ndio wanaokufa. Kuanzia 2021 hadi 2024 barabara za Kenya ziliua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na kundi kubwa kuliko yote miongoni mwao ni la waendao kwa miguu.

Barabara kubwa zilizojengwa katika karne hii zinaeleza sababu. Barabara Kuu ya Thika, yenye urefu wa kadiri ya kilomita 50, ilizinduliwa na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012 na kusifiwa kote. Iliipasua mitaa ambayo wakazi wake walikuwa wamezoea kuvuka kwa hatua chache, na magari yalianza kwenda kasi huku baadhi ya madaraja ya wapita njia yakiwa hayajakamilika. Ni rahisi kumlaumu avukaye chini ilhali daraja lipo juu. Daraja, hata hivyo, humtaka mama aliyebeba gunia apande ngazi, atembee, ashuke, kisha arudi nyuma hadi pale alipokuwa akienda, ili gari lisipunguze mwendo. Usiku huwa pia maskani ya wanyang'anyi. Barabara ya juu kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022, haimruhusu mpita njia wala baiskeli. Hao wameachiwa chini.

Si kwamba sera hazipo. Mwaka 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, iliyoahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa njia za miguu na baiskeli. (Jina la sera lenyewe linastahili kutazamwa na mwanaisimu: kundi kubwa la wasafiri wa mji limetajwa kwa kile wasichokuwa nacho.) Kati ya 2020 na 2022, chini ya Idara ya Huduma za Jiji, njia za miguu na baiskeli zilijengwa katikati ya mji, zikiwemo za Barabara ya Kenyatta na Mtaa wa Wabera. Kundi la Critical Mass Nairobi, ambalo tangu katikati ya miaka ya 2010 limekuwa likiwakusanya waendesha baiskeli Jumamosi ya mwisho ya mwezi, lilionyesha kwa wingi wake kwamba baiskeli haiko vijijini tu. Tatizo ni kwamba njia iliyotengwa kwa rangi peke yake haidumu. Pikipiki za bodaboda huegeshwa humo, na magari pia. Inachekesha kidogo, kwani bodaboda ya kwanza ilikuwa baiskeli, ikivusha watu mpakani Busia. Mwana amemfukuza baba barabarani.

Mkazi anayetaka kinga hana budi kwanza kujua aliye na barabara. Baadhi ya barabara za mji ni za kaunti, nyingine ni za Mamlaka ya Barabara za Miji, na barabara kuu ni za mamlaka nyingine. Mamlaka hizo ziliundwa na sheria ya 2007. Barua nyingi hupotea kwa kutumwa afisi isiyohusika. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani na kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamruhusu kupeleka ombi katika bunge la kaunti. Wakati nao una uzito. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka wa kaunti huwasilishwa kabla ya tarehe 1 Septemba, na tuta lisilotajwa humo ni vigumu kupata fedha mwaka unaofuata. Maandamano yafanywayo Novemba, baada ya mtoto kugongwa, huwakuta maafisa wakiwa wamekwisha kugawa pesa.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapoingia. Katika vikao vya kushirikisha umma, stakabadhi aghalabu huwa za Kiingereza cha wahandisi, na muuza mboga aijuaye barabara kuliko wote hunyamaza. Kiswahili ni lugha rasmi kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba hiyo hiyo, wala hakina upungufu wa maneno ya kazi hii. Ombi linalotaka matuta mawili kabla ya lango la shule, taa upande wa kituo cha matatu, na vigingi vya zege vya kutenganisha baiskeli na magari halihitaji mkalimani. Afisa ataelewa cha kupima, na wakazi watajua cha kuhesabu watakaporudi kuuliza.