Kuvua Kambare kwa Maboya ya Madumu

Kambare, ambaye Wajaluo humwita mumi, ni samaki asiye na magamba, mwenye kichwa kipana na sharubu nane mdomoni. Usiku ndipo atokapo kutafuta chakula, naye hukitafuta chini karibu na matope, kwa kupapasa na kunusa kuliko kwa macho. Kwa sababu hiyo mtu akaaye na fimbo yake ufuoni wakati wa mchana mara nyingi hurudi mikono mitupu. Afadhali mtego utakaokesha majini badala yake, na mtego huo waweza kutengenezwa kwa dumu la plastiki ambalo limekwisha kazi nyumbani.

Katika mito ya kusini mwa Marekani, kama vile Mississippi, watu huvua kambare wa huko kwa namna hiyo. Hufunga mshipi shingoni mwa dumu, huliacha lichukuliwe na mkondo, nao hulifuata kwa mashua. Lakini ziwa si mto. Katika Ziwa Victoria upepo wa usiku hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na upepo wa mchana hutoka ziwani kuja nchi kavu. Basi dumu lililoachwa huru jioni, alfajiri litakuwa limekwenda mbali na ufuo, pamoja na mshipi, ndoana, na samaki mwenyewe ikiwa amenasa. Mwenye mtego amepata hasara, na hayo si yote: mshipi huo hunasa nyavu za watu wengine, na ndoana yaendelea kuua samaki ambao hakuna atakayewala. Kwa hiyo katika ziwa boya lazima litiwe nanga.

Dumu la lita 2 hata 5 latosha. Lioshwe vizuri, na kifuniko chake kikazwe sana, maana likiingia maji halifai tena. Dumu lililokuwa na dawa ya kuulia wadudu lisitumiwe kamwe. Dumu tupu la lita 5 halizami mpaka livutwe kwa nguvu ipatayo uzito wa kilo 5. Samaki anaweza kulizamisha kwa muda kidogo, lakini kila avutapo hulirudisha juu, na kila linaporudi yeye huchoka zaidi. Hiyo ndiyo kazi ya boya: hushindana na samaki usiku kucha, na mvuvi amelala.

Kitako cha dumu kipakwe rangi nyekundu, na mshipi ufungwe shingoni. Dumu lisilo na samaki hulala ubavu juu ya maji. Samaki akivuta, shingo huzama na kitako chekundu husimama juu, hata mtu aliye mbali katika mtumbwi akajua ni lipi la kuendea kwanza. Jina la mwenyewe liandikwe kwa rangi isiyofutika.

Sasa mshipi. Kwanza kina kipimwe kwa jiwe lililofungwa kamba yenye mafundo, fundo moja kila meta 1. Sehemu nyingi za mashariki ya Ghuba ya Winam hazifiki meta 10, kwa hiyo haihitajiwi kamba ndefu mno. Kamba kubwa na itoke shingoni mwa dumu mpaka kwenye jiwe la nanga, nayo izidi kina kwa meta 1 au 2, ili mawimbi yasiliinue jiwe. Kutoka kwenye kamba hiyo, mkono mmoja juu ya jiwe, hufungwa kigwe cha nusu meta chenye ndoana. Hapo chambo huning'inia pale pale apitapo kambare. Wengi hukosea hapa: hufunga ndoana karibu na dumu, kisha husema ziwa halina samaki.

Ndoana iwe nene na ncha yake ikwaruze ukucha. Chambo ni nyungunyungu wakubwa, matumbo ya kuku, au kipande cha samaki. Kinachofaa zaidi ni kile chenye harufu na kisichotoka upesi ndoanani. (Kambare wadogo nao ni chambo cha sangara, kwa hiyo mvuvi mmoja hutupa anachokitafuta mwingine.)

Kabla ya kutega, mvuvi lazima awe na leseni, na aulize kamati ya ufuo wake, ijulikanayo kwa jina la BMU, ni mahali gani panaruhusiwa. Maboya yasiwekwe katika njia ya vyombo, wala upande ambao magugumaji husukumwa na upepo, kwa kuwa kisiwa cha magugu hung'oa nanga kikapita nayo. Tena yasiwe mengi kuliko yanayoweza kukaguliwa asubuhi moja. Yategwe jioni kabla jua halijatua na kutolewa kukipambazuka. Mtu asiende kuyatazama usiku peke yake, kwani saa hizo viboko hutoka majini kwenda kula majani nchi kavu.

Wakati wa kutoa, kamba isizungushwe mkononi hata kidogo. Kambare aweza kupita urefu wa meta 1, na mtu mzima ameweza kuvutwa akaanguka kutoka mtumbwini. Kamba ikusanywe polepole, na samaki ainuliwe kwa wavu wa mkono, kisha ashikwe nyuma ya kichwa kwa gunia lililolowa, maana mapezi yake ya kifuani yana miiba migumu. Asidhaniwe kuwa amekufa kwa sababu ametulia: kambare hupumua hewa, na aweza kuishi saa nyingi nje ya maji.

Kazi ikiisha, kamba ioshwe, ikaushwe kivulini na kuzungushwa juu ya dumu lake, na ncha ya ndoana ichomekwe katika kipande cha gome laini, watoto wasije wakajichoma.